Kinga Nzito: Tutafute Uzito Unatoka Wapi Kabla ya Kununua Shene



Wiki hii naacha kidogo mambo ya madaftari na mitihani. Kikundi kimoja cha wamama, upande wa juu ya Nyabiondo, wamenitumia swali, na nimeona linatuhusu wengi, kutoka Masisi mpaka Walikale. Wana kinga moja ya kikundi, waliyoinunua kwa pesa za AVEC. Inapeleka maharagi sokoni, inaleta mihogo kutoka shamba, na siku nyingine inabeba mgonjwa hadi kituo cha afya. Sasa imekuwa nzito. Kijana anayeiendesha anashuka akihema hata pasipo na mlima. Walinunua shene mpya, uzito ukabaki palepale. Wakanunua pedali mbili, uzito ukabaki. Sasa maneno yameingia. Wengine wanasema kijana ndiye anayeiharibu. Wengine wanamtazama mama mweka hazina kwa jicho lisilo zuri, kwa sababu pesa imetoka mara mbili bila faida. Wengine wanataka kinga iuzwe, na katika mkutano ujao watakata shauri.

Mwishoni mwa barua waliongeza jambo moja, kama vile si kitu: zamani pinyo ya nyuma ilichoka, ikawa inazunguka bure, fundi akaichomelea. Mama zangu, hilo ndilo jambo ambalo mimi ningeliandika mstari wa kwanza.

Mimi si fundi kinga. Nilisomea ualimu ISP, nafundisha hesabu na sayansi, na msuguano uko ndani ya programu yetu ya shule. Sugueni viganja vyenu kwa nguvu: vinapata joto. Nguvu mliyotia imegeuka joto na imepotea hewani. Kinga nayo ni hivyo hivyo. Kila mahali chuma kinaposugua chuma, au mpira unaposugua chuma, nguvu ya miguu inaibiwa. Mwizi anaweza kuwa mmoja, wanaweza kuwa watatu. Kabla ya kuita watu, tujue kwanza amejificha chumba gani.

Shene inashitakiwa kwanza kila siku, kwa sababu inaonekana, ni chafu, na inapiga kelele. Lakini shene safi inaiba kidogo sana. Mwaka 1999 mtafiti James Spicer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima shene za baiskeli katika maabara. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilipitisha asilimia 98.6 ya nguvu iliyotiwa. Maabara haina tope la Mushaki, hilo najua. Hata hivyo hesabu hiyo inatufundisha kwamba kinga ikiwa nzito kama jiwe, kuna uwezekano mkubwa kwamba shene haiko peke yake, au haimo kabisa. Tazameni chukudu zetu. Chukudu haina shene wala pedali, na bado tunajua kuna chukudu nyepesi na chukudu inayomtoa kijana jasho. Uzito wake unatoka wapi? Katika magurudumu tu.

Basi tuanze na kipimo ambacho hakihitaji kle wala pesa. Shuka chini, shika usukani, sukuma kinga mahali pa tambarare, bila mzigo. Katika kinga ya kawaida, yenye pinyo huru, ukiisukuma mbele shene inalala, pedali hazizunguki. Utasikia tu ule mlio mdogo wa pinyo, tik-tik-tik. Kwa hiyo kama inakuwa nzito hata kusukuma, msiguse shene. Tazameni mpira usio na upepo wa kutosha, freni inayogusa janti, gadi ya tope inayosugua mpira, kitovu cha gurudumu kilichobanwa. Kama kusukuma ni kwepesi lakini kukanyaga ni kuzito, hapo sasa ulizeni shene, pedali, na pedalie, yaani ile sehemu ya chini ambamo ekseli ya pedali inapita.

Kwa kinga iliyochomelewa, kipimo hiki kinadanganya. Pinyo imeshikana na gurudumu, kwa hiyo gurudumu likizunguka, shene inazunguka, na pedali zinazunguka, hata kama hakuna mtu juu. Ukisukuma, unasukuma vyote kwa pamoja. Ndiyo maana wenzetu wa Nyabiondo hawakuweza kujua kitu: kila mwizi alikuwa amemshika mwenzake mkono. (Kinga ya namna hii si ajabu ya kwetu. Ile Rover ya John Kemp Starley, iliyotoka Uingereza mwaka 1885 na ambayo kinga zetu zote ni wajukuu zake, ilikuwa na pinyo isiyo huru. Mpaka leo wanaoshindana ndani ya viwanja vya mbio za baiskeli wanaendesha za hivyo. Lakini wao hawateremki mlima wa Masisi wakiwa na gunia.)

Dawa ni moja: toa shene. Legeza nati mbili za gurudumu la nyuma, sukuma gurudumu mbele kidogo, shene italegea na kutoka kwenye plato, lile gurudumu kubwa la meno la mbele. Hapo kinga imekuwa vitu vitatu vilivyoachana: magurudumu, pedalie, na shene yenyewe. Kila kimoja kinaulizwa peke yake.

Tuanze na magurudumu, maana ndipo nimeona makosa mengi. Pindua kinga, iketi juu ya kiti chake na usukani. Gurudumu la nyuma ulirudishe katikati na kukaza nati, kwa maana likikaa upande litagusa fremu na kukudanganya. Zungusha polepole kwa kidole kimoja, halafu liache. Gurudumu zuri halisimami ghafla. Linapungua, linapungua, kisha sehemu nzito, mara nyingi ile yenye valvu, inashuka chini, inapita, inarudi, kama mtoto juu ya bembea, mpaka inatulia. Gurudumu linalosimama wima palepale lilipofika, bila kuyumba hata mara moja, limebanwa. Sikilizeni pia: kama linakwaruza mahali pamoja tu katika kila mzunguko, janti imepinda na inagusa freni. Hiyo si kazi ya kununua chombo, ni kazi ya kunyoosha.

Ndani ya kitovu mna bili, zile tufe ndogo za chuma, na zinashikwa na kone mbili, moja kila upande. Kone ikikazwa sana, bili hazizunguki vizuri, zinasaga. Ikilegea sana, gurudumu linacheza. Kupima ni rahisi: shika janti, uivute kushoto na kulia. Ikigonga kidogo, imelegea. Isipogonga lakini gurudumu linasimama haraka, imebanwa, au grese imekauka na kuwa udongo. Fundi anatakiwa kuilegeza mpaka gurudumu liwe huru bila kucheza. Kazi hiyo inataka kle nyembamba na uvumilivu, na haitaki chombo kipya isipokuwa bili zimevunjika au kone imechimbika. Mama, simama pale fundi akifungua. Si kwa sababu ni mwizi. Mafundi wengi ni watu wema wanaofanya kazi juani. Ni kwa sababu ukiona kwa macho yako bili zilizovunjika, kesho hautabishana na mtu katika mkutano.

Nina kisa cha karibu. Wamama fulani jirani na shule yetu walibadilisha shene, kisha plato, kisha pedali, kinga ikawa ileile. Siku tuliyotoa shene, gurudumu la nyuma lilisimama kabla ya kuzunguka mara mbili. Kone. Fundi alimaliza kabla ya saa sita, na vyombo vipya vyote vilivyonunuliwa vilikuwa bado vinang'aa. Mama mmoja mzee alitikisa kichwa akasema shene imefungwa gerezani bila kosa.

Kuna jambo lingine kuhusu gurudumu la nyuma: kinga inaweza kuwa nyepesi bila mzigo na nzito ikiwa na mzigo. Usipimie kinga tupu halafu uridhike. Irudishe juu ya magurudumu yake, mtu mzima akae kwenye porte-bagage, mwingine aisukume hatua chache, wewe uiname utazame nyuma. Mara nyingine utaona mpira unaegemea fremu upande mmoja, kwa sababu nati moja haikukazwa na gurudumu limevutwa. Mara nyingine gurudumu linalala upande kama mtu aliyechoka: ekseli imepinda au imevunjika ndani, na nati za nje ndizo zinaishikilia. Hiyo ni hatari. Kinga ya hivyo isipande mlima wala kushuka.

Sasa pedalie. Shene ikiwa bado nje, zungusha pedali kwa mkono. Inatakiwa izunguke kimya. Ukisikia kama mtu anasaga mchanga, grese imekwisha na tope limeingia. Barabara ya Sake kwenda Masisi katika masika inafanya kazi hiyo bila kulipwa. Kisha shika mikono yote miwili ya pedali, isukume kushoto na kulia. Ikicheza, kikombe kimelegea. Ukiona mkono mmoja tu unacheza na mwingine umetulia, ile klaveti, kipini kinachoushika, ndiyo imelegea. Mwisho zungusha kila pedali juu ya kijiti chake. Pedali inayokwama inamkata mtu goti, hasa akiwa anakanyaga toka asubuhi.

Imebaki shene. Hapa wamama tuna kifaa ambacho fundi wengi hawana: mita ya mshonaji. Shene ya kinga zetu za kawaida, kutoka pini moja mpaka pini inayofuata, ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Ining'inize kwenye msumari, hesabu nafasi 48 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Shene mpya itakupa sentimita 61. Ikifika sentimita 61 na milimita 6, imechoka. Mita iwe mpya, ile ya zamani iliyovutwa na kufuliwa itasema uongo. Mita ya chuma ya seremala ni bora zaidi. Halafu pitisha shene yote juu ya kidole: kiungo kinachokataa kujikunja utakijua. Kinalegezwa kwa mafuta na kwa kukikunja huku na huku, hakihitaji shene nzima.

Na meno? Shene iliyochoka inakula meno ya pinyo mpaka yanajikunja upande mmoja kama ukucha. Ukiweka shene mpya juu ya meno hayo, haikai vizuri, inapanda, inaruka, inakwaruza. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba wenzetu walipoweka shene mpya juu ya pinyo ya zamani iliyochomelewa, waliongeza uzito kwa pesa yao wenyewe. Siwezi kuamua nikiwa mbali; watazame meno.

Kurudisha shene kwenye kinga iliyochomelewa kunataka uangalifu kuliko kwenye kinga nyingine. Ikibana sana, inavuta kitovu na pedalie, na uzito unaongezeka. Ikilegea sana, inatoka, na katika kinga isiyo na pinyo huru shene ikitoka inaweza kujikunja kwenye gurudumu na kulifunga ghafla. Katikati ya plato na pinyo, shene ipande na kushuka kwa upana wa kidole kimoja hivi. Lakini usipime mahali pamoja! Zungusha pedali robo, pima. Robo nyingine, pima. Mpaka mzunguko mzima. Mara nyingi utakuta mahali pamoja inabana kama uzi wa gitaa, na upande mwingine imelegea. Maana yake plato haiko sawa, au pinyo ilichomelewa ikiwa imeenda upande. Rekebisha pale inapobana zaidi: hapo ndipo iachiwe ule upana wa kidole. Mtu anayeendesha kinga hiyo atakuambia, «nzito, nyepesi, nzito, nyepesi». Msikilizeni kijana akisema hivyo, anawapa jibu.

Na hapa mwalimu wa hesabu ananifunga mdomo nisipite bila kusema. Sauti ya kinga inaweza kuhesabiwa. Tuseme plato ina meno 44 na pinyo ina 18. Gawanya: pedali zikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu. Tuseme shene ina viungo 110. Gawanya kwa 44: shene inamaliza mzunguko wake mzima wakati pedali zimezunguka mara mbili na nusu. Basi kama kinga inagonga mara moja katika kila mzunguko wa pedali, tafuteni kwenye pedali, mkono wake, klaveti, plato au pedalie. Ikigonga mara mbili tatu ndani ya mzunguko mmoja wa pedali, ni gurudumu la nyuma. Ikigonga kwa nadra, mara moja tu katika mizunguko miwili au mitatu, ni kiungo kimoja kibaya cha shene. Mpeni mtoto wa darasa la sita ahesabu meno na sauti. Atafurahi, na hesabu ya kugawanya haitamtoka tena.

Kuhusu mafuta. Najua wengi wetu tunatia mawese. Kule Walikale kwenye joto yanaonekana sawa kwa siku mbili, kisha yanashika vumbi na kuwa gundi. Huku juu Masisi kwenye baridi yanaganda tu, mnayajua wenyewe kwenye bidoni asubuhi. Mafuta ya vidange yaliyotolewa kwenye moto yamejaa uchafu wa chuma na masizi, si mazuri kwa ngozi ya mikono, na yakidondokea gunia la unga mmepoteza unga. Bora muombe au mnunue kidogo mafuta safi ya moteri kwa vijana wa moto: tone moja kwa kila kiungo, subiri, kisha futa yote ya nje kwa kitambaa. Mafuta yanafanya kazi ndani ya kiungo. Yanayobaki nje yanakamata mchanga tu. Kabla ya hapo shene isafishwe kwa petroli ya taa, nje ya nyumba, mbali na moto na watoto. Esanse hapana. Na katika kitovu na pedalie ni grese, mafuta ya maji hayatoshi.

Jambo ambalo naomba lisomwe kwa sauti katika kila kikundi: kinga iliyochomelewa isisafishwe shene huku gurudumu linazunguka. Katika kinga ya kawaida pedali ukiziachilia zinasimama. Katika hii, gurudumu linaendelea kwa nguvu yake, shene inaendelea nalo, na kitambaa kikiingia kati ya shene na meno kinavuta kidole. Hakuna wakati wa kupiga kelele. Futa kipande kimoja, ondoa mkono, sogeza gurudumu, futa kingine. Watoto wadogo, wanaopenda kutazama kinga iliyopinduliwa, waondolewe kabisa. Na sisi tunaovaa kikwembe, kisishuke upande wa shene: katika kinga hii hakuna namna ya kuacha kukanyaga ili ukitoe.

Nirudi kwa wenzetu wa Nyabiondo. Naomba kabla ya mkutano watoe shene, wapime magurudumu kwa zamu, kijana akiwepo na mama mweka hazina akiwepo, wote wanaogombana waone kwa macho mamoja. Mzungusheni kila mmoja gurudumu kwa kidole chake. Kama ni kone, watajua ni kazi ya fundi na grese kidogo. Kama ni pinyo, ushauri wangu ni kuweka pinyo huru mpya badala ya kuendelea na ile iliyochomelewa. Kwa milima yetu, mtu akishuka na mzigo huku pedali zinamzungusha miguu kwa nguvu, hiyo si kazi ya kumpa mtoto wa mwenzako. Na freni ziwe mbili, zinazoshika.

Kama pesa ya pinyo haijapatikana, kuna njia ya katikati. Wengi wa wanaopeleka mizigo kwa kinga huku kwetu, na pia kwenye barabara ndefu ya Walikale kuelekea Lubutu, hawapandi, wanasukuma. Anayesukuma hana kazi na shene. Itoeni, muifunge ndani ya mfuko pamoja na tone la mafuta, pedali ziache kumgonga mama kwenye miguu, na kinga itakwenda nyepesi kama chukudu nzuri. Kwenye mteremko freni ya mkono ndiyo itakayoishika, kwa hiyo ijaribuni kwanza bila gunia, kisha na nusu gunia. Mama mjamzito asipewe kusukuma wala kurudia kubeba kwa kamba ya kichwa eti kwa sababu kinga imelala nyumbani ikisubiri shene ya tatu.

Mkimaliza kupima, niandikieni mlikuta nini, na idadi ya meno pia: plato ngapi, pinyo ngapi. Nitawapa wanafunzi wangu wa darasa la sita waitie katika hesabu ya Ijumaa.